Mti Wangu na Jua la Jirani

Katika darsa yetu ya Alhamisi, ambayo hukutana Thika baada ya sala ya Isha, ni desturi kwamba somo likimalizika kila ndugu ana ruhusa ya kutoa swali linalomkera, liwe la ibada au la maisha. Alhamisi moja ya mwezi wa Juni mimi nilitoa swali la bustani. Ndugu wawili watatu walitabasamu, kwani hawakuzoea kusikia nyanya zikitajwa mahali pale. Lakini sikuwa nafanya mzaha. Niliuliza hivi: mtu akijenga nyumba ya ghorofa katika kiwanja chake, na nyumba hiyo ikazuia jua lisiifikie bustani ya jirani yake hata mboga zikafa, je, mtu huyo amedhulumu?

Nitaeleza kwanza kilichonifanya niulize, kisha nitaeleza nilivyojibiwa, maana jibu nililolipata silo nililokuwa nikilitafuta.

Kiwanja changu kiko Ruiru, futi 50 kwa 100, yaani kile ambacho wauza ardhi hukiita thumuni ya eka, ingawa ukikipima sawasawa hakitimii thumuni. Zamani mahali petu palikuwa shamba la kahawa, kama zilivyokuwa sehemu nyingi kati ya Ruiru na Thika tangu siku za walowezi. Kahawa ndiyo iliyolipa jina la mji wetu umaarufu wake, hata aina moja ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kituo cha kahawa kilichoko hapo ikaitwa Ruiru 11. Leo mibuni mingi imeng'olewa, pakasimamishwa nyumba mahali pake. Lakini udongo haukuhama. Ni ule udongo mwekundu wenye kina, uliotokana na miamba ya volkano, ambao ukiushika baada ya mvua hushikamana kiganjani kama unga uliokandwa, na ukiupa samadi kidogo haukunyimi kitu. Wenzetu wa upande wa Juja, ambao wengi wao wana udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika, hutuonea ghera, na wana haki.

Ni taabu kumweleza mtu asiyelima furaha iliyomo katika bustani ndogo. Baada ya sala ya Alfajiri, kabla magari ya barabara kuu hayajaanza kunguruma, mimi hutoka na kikombe cha chai nikayazunguka matuta yangu. Sina la kufanya wakati ule, natazama tu. Natazama kama dania niliyoimwaga siku 12 zilizopita imetoa kichwa, kama ua la nyanya limeshika tunda, kama shina la sukuma wiki lililokatwa jana limefunga kidonda chake. Nimesomesha watoto kwa miaka mingi, nami nilizoea kuamrisha nikatiiwa; lakini bizari haiamrishwi. Utaitilia maji, utaipalilia, kisha itaota siku yake. Kwa mtu wa tabia yangu hiyo ni shule, tena shule ambayo mwanafunzi hufurahi kwenda.

Faida ya fedha sitaitaja sana, kwa sababu haipo. Ukihesabu samadi, maji, dawa na mgongo unaouma, fungu la sukuma wiki la sokoni ni rahisi kuliko langu. Mwaka 2020, wakati wa korona, Serikali ilipohimiza kila nyumba iwe na bustani ya jikoni, watu wengi wa mtaani kwetu walilima kwa pupa, na baada ya mwaka mmoja matuta mengi yalikuwa yameota majani. Waliodumu ni wa namna mbili: wale wanaolima kwa sababu hawana njia nyingine ya kupata mboga, na wale, kama mimi, wanaolima kwa kupenda. Tofauti ya watu hawa wawili nilikuwa siijui vizuri siku ile nilipouliza swali langu.

Ama taabu za bustani, hizo mtu huzieleza bila kuombwa. Kuna fuko, ambaye hupita chini ya tuta usiku, na asubuhi ukauvuta mche wa karoti ukauona hauna karoti. Kuna vidukari, wanaojikusanya chini ya majani ya kabichi kama vumbi la kijivu. Kuna kiwavijeshi, aliyeingia Kenya mwaka 2017 akaikuta mihindi yangu 40 imesimama vizuri, akaiacha 6. Kuna maji, ambayo huja kwa zamu. Nasi tunaoishi karibu na mito iendayo Athi, na chini ya milima ambako bwawa la Ndakaini lilimalizwa katika miaka ya 1990 ili kuinywesha Nairobi, twajifunza kuoshea vyombo kwanza, kisha kumwagilia kwa maji yale yale. Na mimi, kwa kuwa wazee wangu walikuwa watu wa pwani, nina taabu yangu ya pekee: mara tatu nimeleta mche wa asumini kutoka Mombasa, na mara tatu baridi ya Julai imeniulia. Ruiru iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na asumini haikubali kudanganywa.

Kuhusu taabu hizi nilishauriwa mengi. Mtu mmoja mzima, anayesali safu ya mbele, aliniambia kuwa bustani yangu imepatwa na jicho, nami nifunge kichupa chenye karatasi iliyoandikwa nikitundike juu ya mti. Nilimwuliza kama kiwavi ajua kusoma. Akaniudhikia, na huenda sikumjibu kwa adabu. Lakini yasikitisha kuona mtu aliyepewa akili akiacha kugeuza jani alitazame kwa chini, ambako mayai ya mdudu yaonekana kwa macho, akaenda kutafuta sababu katika jicho la jirani. Kwanza husuda ya jirani huichunguza, na haki ya jirani haiulizi. Maneno haya ya mwisho niliyasema siku ile kwa kumkemea mwenzangu, bila ya kujua kuwa yatanirudia.

Sasa nije kwenye mti. Mwaka 2012, ule ambao barabara kuu ya Thika ilikamilika, nilipanda mparachichi karibu na ukuta wangu wa kusini, futi 4 kutoka ukutani. Ulikuwa mche wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha aina ya Hass juu ya shina la mparachichi wa kienyeji. Hass ni jina la mtu, Rudolph Hass wa California, aliyepanda mbegu mnamo mwaka 1926 katika kiwanja chake mwenyewe, ukamtokea mti usiofanana na mingine. Akapewa hati yake ya haki mwaka 1935, na leo parachichi nyingi zinazopita katika masoko ya dunia ni za uzao wa mti ule mmoja. Jambo kama hilo si geni kwetu. Makadamia, ambayo sasa yanapandwa Murang'a, Embu na kwingineko, yaliletwa karibu na Thika mwaka 1946 na mlowezi mmoja, Bob Harries, kutoka Australia. Hunifurahisha kufikiri kwamba mtu huchimba shimo nyuma ya nyumba yake, na baada ya miaka 80 watu asiowajua wanakula.

Mti wangu nao ulizaa. Mwaka wa tatu ulitoa matunda machache, na baadaye ukawa hauhesabiki. Nilikuwa nikijaza kikapu nikakipeleka msikitini siku ya Ijumaa. Watoto wa mtaa walikuwa wakiokota yaliyoanguka. Ndege walikula, nami sikuwafukuza, kwani nilifunzwa tangu utotoni kuwa apandaye mti, kila kinachokula humo, mtu au ndege au mnyama, huandikiwa mpandaji kuwa ni sadaka. Kila nilipoupita mti ule nilihisi kama mtu anayepita mbele ya akiba yake. Ukafika urefu wa futi 30.

Mwaka 2023 kiwanja cha kaskazini kilinunuliwa na mtu wa mbali, naye akajenga nyumba ya kupangisha ya ghorofa nne. Hakuvunja sheria yoyote. Lakini matuta yangu yote ya mboga yalikuwa chini ya ukuta ule, na ilipofika Juni bustani yangu ikaingia gizani.

Hapa yapasa nieleze jambo la jua, kwani bila ya hilo kesi haifahamiki. Ruiru iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na kidogo. Kwa hiyo tangu katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba jua la adhuhuri hutupitia upande wa kaskazini, na vivuli vyetu huangukia kusini. Miezi mingine huwa kinyume chake. Tena Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi na mawingu, ambayo jua huonekana kwa saa chache, na siku nyingine halionekani kabisa. Basi aliye na ukuta mrefu kaskazini mwake hunyang'anywa jua katika miezi ile ile ambayo jua ni haba. Nyanya zangu zilipata ukungu, majani yakawa na mabaka meusi, na katika wiki mbili zikaisha. Ndipo nikaenda darsani na swali langu.

Ustadhi wetu alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kuwa wanachuoni hawakulisahau jambo hili. Akataja Majalla, ile sheria iliyoandikwa na wanachuoni wa dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, akasema kwamba ingawa sisi wengi ni Mashafii, yafaa tuone wenzetu walivyopambanua. Humo imesemwa kuwa mtu akimzibia jirani mwangaza wa chumba kabisa, hayo ni madhara makubwa na yapasa kuondolewa. Lakini kumzuilia upepo, au mandhari, au kule kuingia kwa jua tu, si madhara ya daraja hiyo. Kuhusu miti, matawi yakipita juu ya uwanja wa jirani, jirani ana haki yafungwe nyuma au yakatwe. Lakini mti haukatwi kwa hoja kwamba kivuli chake chadhuru mimea ya jirani. Ndugu mwingine, aliyefanya kazi mahakamani, akaongeza kuwa sheria ya Kenya nayo hufanana na hiyo: mwenye nyumba aliyepata mwangaza na hewa kwa miaka 20 bila kuzuiliwa aweza kupata haki ya kuendelea kuvipata, lakini haki hiyo ni ya jengo. Dirisha lina haki. Mchicha hauna.

Nilihuzunika. Nikasema: basi sheria zote mbili zimenikataa. Ustadhi akasema: "Zimekukataa. Na kusini kwako, Mwalimu, yuko nani?"

Niliona watu wakinitazama. Nikajibu kuwa yuko mama mmoja mjane. Akaniuliza analima nini. Nikasema: nadhani sukuma wiki na mnavu, ule ambao watu wa huku huuita managu. Akaniuliza kama analima kwa kupenda. Sikuwa na jibu. Darsa ikafungwa kwa dua, nami nikapanda matatu ya kurudi Ruiru nikiwa nimekasirika, kama mtu aliyekwenda kushtaki akarudi na samansi.

Sisi wanafunzi wa dini tumesomeshwa vivuli tangu udogoni. Twajua kwamba adhuhuri huingia jua linapopinduka kutoka katikati ya mbingu, na kwamba alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wake, ukitoa kile kivuli cha zawali. Kwa miaka mingi nimewafunza watoto hesabu hiyo kwa fimbo iliyosimamishwa uwanjani. Jumamosi iliyofuata jua lilijitokeza, nami nikaichukua fimbo ile ile, inchi 36, nikaisimamisha karibu na mti wangu. Wakati wa zawali kivuli chake kilikuwa inchi 16. Hesabu ni nyepesi: mti wa futi 30 ulikuwa ukitoa kivuli cha zaidi ya futi 13 kuelekea kusini, na mti wenyewe uko futi 4 tu kutoka ukutani, mbali na upana wa matawi yake. Nikangoja alasiri. Fimbo ikatoa inchi 52, yaani mti ukatoa futi 43, na kivuli kikalala kwa mshazari juu ya kiwanja cha jirani karibu upana wake wote. Nilisimama nikakitazama. Nilikuwa nikiijua alasiri kwa miaka 50 na sikuwa nimepata kukifuata kivuli mpaka mahali kinapoishia.

Kwa mtu wa Ruiru kibla ni karibu kaskazini kabisa. Jirani yangu yuko nyuma yangu kila ninaposimama kusali. Sitaji hili kuwa ni udhuru.

Nikaenda kubisha hodi. Nilipomweleza nilichokuja kukitazama, akaniongoza mpaka nyuma ya nyumba, mahali palipo kati ya ukuta wetu na madirisha yake, upana wa futi 12. Pale ukutani udongo ulikuwa mtupu na umeota kuvu. Akanionyesha: mwaka ule mti ulipokuwa mdogo, tuta lake la kwanza lilikuwa hapa. Baadaye alilisogeza hapa. Kisha hapa. Tuta la mwisho lilikuwa chini ya dirisha la chumba chake cha kulala, na maji ya kumwagilia yalikuwa yameanza kuupandisha unyevu katika ukuta wa nyumba. Mimi nilikuwa nimeliona tuta lile likihama mwaka hata mwaka, kwani dirisha langu la juu laelekea huko, nami nilidhani kuwa mama yule hapendi kukaa na jambo moja. Sukuma wiki yake huiuza mbele ya lango, mafungu kwa mafungu. Hiyo ndiyo inunuayo unga wa nyumba ile.

Nikamwuliza: "Mama, kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

Akasema: "Mwalimu, mti ni wako. Nilidhani waona."

Ndugu msomaji, huenda utasema kuwa jambo hili ni dogo mno kuandikwa. Ardhi hugombaniwa katika nchi hii mpaka damu ikamwagika, nami naandika juu ya kivuli. Lakini katika magomvi ya mipaka kila mmoja ajua kwamba ana mwenzake anayedai. Hapa hapakuwa na mdai, wala hakimu, wala kifungu cha sheria kilichovunjwa. Ningeweza kuishi hivyo mpaka kufa, nikiandikiwa sadaka ya ndege, na wale waliokuwa wakiilipia sadaka ile kwa mboga zao wasijulikane. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kwani nilikuwa nimehesabu nilichokitoa na sikuwa nimeuliza kimetoka katika mfuko wa nani.

Nililirejesha jambo darsani Alhamisi iliyofuata, na mazungumzo yakawa marefu. Ndugu mmoja alisema maneno ambayo siwezi kuyapuuza. Alisema kwamba hukumu ya wale wanachuoni ina busara, kwa sababu kila mti una kivuli, na lau kila mwenye tuta angepewa haki ya kuuangusha mti wa jirani, miji yetu ingekuwa jangwa la saruji. Tazama, akasema, mibuni imekwenda, na miti iliyokuwa ikiikinga imekwenda. Sasa mnataka na huu mmoja uliobaki? Tena ghorofa nne haziwezi kupunguzwa hata tofali moja, basi mti ndio utakaoadhibiwa kwa kuwa ni dhaifu. Naona kweli katika maneno hayo. Thika ilipata jina duniani kwa miti, tangu kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959 kilichoitaja katika anwani yake, na anayesafiri leo kutoka Githurai mpaka mjini Thika atayahesabu majumba kabla ya kuihesabu miti.

Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yule si wa dini yetu. Ustadhi hakumkasirikia. Alimkumbusha tu kuwa Abdullahi bin Amri, mbuzi alipochinjwa nyumbani kwake, alianza kwa kuuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa fungu lake. Yule ndugu akainamisha kichwa, na jambo hilo halikurudiwa tena.

Kisha Ustadhi akatutajia kisa kilichopokewa na Abu Daudi, ambacho baadhi ya wanachuoni wa hadithi wametia shaka kama mpokezi alimsikia msimulizi mwenyewe. Naye hakutuficha shaka hiyo. Samura bin Jundub alikuwa na mtende ndani ya bustani ya mtu mmoja wa Ansari, na kila alipoingia kuuhudumia aliwataabisha watu wa nyumba. Mwenye bustani akataka kuununua, Samura akakataa. Akataka kumpa badala yake mahali pengine, akakataa. Shauri likafikishwa kwa Mtume, sala na amani zimshukie. Naye akamwomba Samura auze, akakataa, abadilishe, akakataa, autoe kwa ahadi ya malipo ya Akhera, akakataa. Ndipo akamwambia kuwa yeye ni mtu wa kudhuru wenzake, na mwenye bustani akaruhusiwa kuung'oa mtende ule.

Nimekifikiria kisa hiki mara nyingi. Mtende ulikuwa wa Samura kwa haki, hapana aliyeukana. Kilichomfikisha pale ni kule kufungua mlango mmoja baada ya mwingine mbele yake, naye akaufunga kila mmoja. Ninavyofahamu mimi, Majalla na kisa hiki havipingani. Sheria husema mti usikatwe, kwa sababu sheria husema na watu wote, na haiwezi kuingia katika kila uwanja na fimbo ya kupimia. Lakini kati ya kuuacha mti wote na kuung'oa wote pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo ameachiwa mwenye mti. Akiijaza kwa insafu, vyema. Akikaa kimya kwa sababu hakuna anayemlazimisha, huyo ametumia uhuru aliopewa kuwa ni kifuniko cha macho. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo, na juu yake nikaenda kumshtaki mwenye ghorofa kwa jambo lile lile.

Waama si rahisi. Naungama kuwa usiku ule nilitoka mara mbili kuutazama mti. Bustani ina tabia hii, ya kumfanya mtu aamini kwamba alichokihudumia kwa mikono yake ni kipande cha nafsi yake. Na raha hiyo yenyewe, ambayo naiona kuwa ni katika neema kubwa, ina choyo kilichojificha ndani. Fuko akila karoti yangu nasema subira. Jirani akitaka saa mbili za jua, subira sikuiona iko wapi.

Tulipatana hivi. Tulichuma kwanza matunda yaliyokomaa, tukayagawa nusu kwa nusu. Kisha nikamwita kijana mwenye msumeno, na jirani yangu akasimama kwenye lile tuta lake la kwanza, pale ukutani, akiwa na ufito mrefu mkononi. Nilimwambia aonyeshe ni wapi pakatwe. Alionyesha juu sana, kwa haya. Nikamwambia ashuke. Akashuka kidogo. Tukaendelea hivyo mpaka mti ukawa futi 15, na kivuli chake cha zawali kikawa hakitimii futi 7, yaani kikawa hakimvukii ukuta kwa futi 3. Matawi manene yaliyokuwa yamezoea kivuli nikayapaka chokaa, kwa sababu gome la mparachichi likifunuliwa ghafula huungua na jua. Matunda machanga yalipotea. Miaka miwili baada ya hapo sikupeleka kikapu msikitini, na watu waliniuliza.

Matuta yangu ya kaskazini nimeacha kuyapandia nyanya. Nimepanda magimbi, ambayo watu wa huku huyaita nduma, na yanastahimili kivuli kuliko nilivyotarajia. Na jirani yangu alinipa mbegu za mnavu alizozikausha mwenyewe juu ya gazeti, akanieleza kuwa nisizifukie, nizitie vumbi tu. Nilizifukia, hazikuota. Alinipa nyingine.

Mwenye ghorofa bado sijamwendea. Nimemwona mara mbili akija kukusanya kodi, naye ni mtu wa kusalimia watu vizuri. Huenda akawa hajui kama upande ule wa ukuta wake pana mtu anayelima.

Mti umechipua kwa nguvu, hasa upande wa magharibi. Jumapili iliyopita jirani yangu aliniita ukutani akasema: "Mwalimu, unarudi." Nikasema nimeuona. Akasema: "Si lazima leo, sukuma haijafika huko." Tukakubaliana kuungoja mpaka mwisho wa mvua za masika, nami nikaenda kutafuta chokaa.